Viza ya Mama Watiri

Kama ulisoma shule ya msingi mjini Nyeri, au una mtoto aliyesoma hapa, basi huenda sweta yake ilifumwa na Magdaline Wanjugu na sketi yake nikaishona mimi. Duka letu ni moja na tumegombana humo ndani kuliko mume na mke. Mashine yake ya kufuma iko upande wa dirisha, cherehani yangu iko mlangoni, kwa sababu mimi napenda kuona wanaopita na yeye hapendi kuonekana.

Mimi ni Zuena, mama yake Hamdan, mtu wa mtaa wa Majengo. Babu yangu mmoja alikuja huku na wazungu akiwa mpishi, na yule mwingine kila shangazi ana hadithi yake kuhusu alikotoka. Magdaline ni Mkikuyu wa upande wa Tetu, Mkristo wa kofia na Biblia iliyovishwa kava la kufuma. Watu hutushangaa. Mimi hupayuka, yeye hunyamaza. Mimi hupika kwa viungo, yeye hushangaa kwa nini nataka chakula kinichome.

Kiswahili chake, Mungu anisamehe, kilinivunja mbavu tangu siku ya kwanza. "Mama Hamdan, niletee kitabu yangu hapo juu ya kiti yako." Nikimsahihisha ananitazama kwa upole na kuuliza, "Kwani hukuskia?" Nami nimesikia, kitabu nimeshakishika mkononi. Ikabidi niache kumsahihisha, nikabaki kucheka tu.

Alikuwa na mtoto mmoja, Watiri, na hapo ndipo hadithi yote ilipo.

Watiri lilikuwa kwanza jina la mama mzazi wa Magdaline, mjane aliyemlea peke yake kwa kuchuma kahawa katika mashamba ya watu. Mama huyo alifariki Magdaline akiwa na mimba kubwa, na mwanamume mwenye mimba alikuwa ameshaingia mitini. Alipojifungua akapata msichana. Hapakuwa na ukoo wa baba wa kudai jina, kwa hiyo akampa jina la mama yake. Kwa Wakikuyu mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na hapewi jina peke yake. Anakaa katika nafasi ya mwenye jina. Magdaline akamwita mtoto wake mama tangu siku ya kwanza: kwa Kikuyu *maitu*, na kwa Kiswahili chake, "mama yangu".

Sisi Majengo pia tunaweza kumwita binti "mama" tukitaka akubali kuoga. Kwa Magdaline hakukuwa na kubembeleza. Alikuwa amempoteza mama yake na sasa amempata tena, ni mdogo, hana meno, anataka kunyonya. Alimpakulia chakula kwanza kabla ya kujipakulia. Siku moja Watiri, akiwa darasa la pili, aliingiza vidole kwenye mashine na kuvunja sindano zote za safu ya mbele, katikati ya msimu wa shule kufunguliwa.

"Mchape," nikamwambia.

"Nichape mama yangu?" Magdaline akaniuliza, na alishangaa kweli. "Mimi nitachapa aje mama yangu?"

Nikamchapa mimi. Mtoto hakulia. Aliyelia ni Magdaline.

Watiri alikua mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza duka. Akasomea kazi ya kutunza wazee katika chuo kimoja hapa mjini, akahangaika na vibarua mpaka mji wa Wang'uru, halafu akapata kazi ng'ambo, katika nyumba ya wazee ambao watoto wao hawana nafasi nao. Nchi yenyewe sitaitaja. Nikianza kuitaja nitaitukana, na mimi ni mtu mzima.

Wakati huo viza kwetu ilikuwa kitu kimoja tu. Unayo au huna. Watiri aliipata, nikapika pilau, Magdaline akafuma sweta nene ya rangi ya divai, na mtoto akaondoka. Kila Jumapili alipiga simu, anatuonyesha theluji dirishani, anatuonyesha kikongwe mmoja aliyempenda aliyekuwa akimwita kwa jina la marehemu mke wake. "Mum, huku hata wao hawajui mimi ni nani," anasema, na tunacheka wote.

Kisha akaanza kuchoka. Akapata madoa meusi mikononi bila kugongwa. Alifikiri ni kazi ya kuinua wazee vitandani. Walipompima damu hawakumruhusu kurudi nyumbani kwake, walimlaza siku hiyohiyo. Ilikuwa kansa ya damu. Alituambia kwenye simu kwa sauti ya mzaha, lakini mzaha ulimwishia katikati. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kama kuna mtu angependa awe karibu naye, amwite sasa, asingoje.

"Mum, kuja," akasema.

Magdaline akafunika mashine yake kwa kitambaa, kana kwamba basi lilikuwa linamngoja nje. "Mama Hamdan," akaniambia, "viza inanunuliwa wapi?"

Nikampeleka kwa Gathogo. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, na imebandikwa picha za ndege na minara. Gathogo ni mtu wa makamo, mwenye tai fupi na maneno mengi, lakini si mwizi. Nasema hivyo kwa sababu wengi wa kazi yake ni wezi. Akamketisha Magdaline, akamsikiliza, halafu akamwambia, "Mathe," kama watu wa mjini wanavyomwita mama, "viza si moja."

"Si moja aje?"

Akaanza kumweleza kama muuza nyama anayekuuliza unataka ya kuchemsha au ya kuchoma. Kuna ya turisti, unaenda kutembea, unaona makasri, unarudi. Kuna ya kutembelea familia, hiyo mwenyeji ndiye anakualika na kuonyesha utalala wapi. Kuna ya matibabu.

"Hiyo!" Magdaline akashika meza. "Si mama yangu ni mgonjwa?"

"Ya matibabu ni ya mgonjwa wa huku anayeenda kutibiwa kule, mathe. Wewe si mgonjwa. Mgonjwa ameshafika." Akaendelea. Kuna ya masomo. Kuna ya mikutano, hata ya kanisa. Na kuna ya kazi, ambayo ndiyo aliyoingia nayo Watiri. "Hiyo ya kazi, zamani mtu angeweza kuleta bibi yake, bwana yake, watoto. Siku hizi hata hao wamebanwa. Mzazi hajawahi kuwa ndani."

"Mzazi hayuko ndani?"

"Kwa hiyo karatasi, mzazi si familia."

Nilimwambia Gathogo arudie. Akarudia. Nikamuuliza ni nani aliyeiandika hiyo karatasi na kama alizaliwa au aliokotwa. Magdaline akanigusa goti ninyamaze.

Gathogo akainama mbele, akateremsha sauti ingawa tulikuwa watatu tu. Ushauri wake ulikuwa turisti. Ukisema una binti anaumwa vibaya kule, watafikiri hutarudi, utakaa umuuguze na upotelee hukohuko. Ukisema makasri, wewe ni mama wa biashara, una duka, una shamba, unaenda kupiga picha. Au kuna kanisa moja linaandaa kongamano, mwaliko unapatikana.

Mimi nilikuwa upande wa Gathogo, nasema wazi. Ningekuwa mimi ningekwenda kuona hata makasri ya shetani.

Magdaline akatazama zile picha za minara ukutani. Kisha akasema, "Nikidanganya hapo mlangoni, nikifika huko nitamwombea na mdomo gani?"

"Mathe, Mungu anaelewa mambo ya viza," Gathogo akasema.

"Anaelewa. Lakini mimi naogopa. Mama yangu akikufa nitasema ni hiyo uongo."

Hatukumshinda. Akachukua ile ya kutembelea familia, ya ukweli.

Watiri akatuma mwaliko kutoka kitandani, na hospitali ikatuma barua kuthibitisha. Tukapata cheti cha kuzaliwa cha Watiri, hati ya kipande cha shamba la Tetu ili waone Magdaline ana cha kumrudisha nyumbani, na picha za duka. Fomu iliuliza majina ya wazazi wake yeye Magdaline, na Gathogo akajaza: mama, Watiri, marehemu. Kwenye kuchukua alama za vidole mashine ilimkataa Magdaline mara kadhaa, kwa sababu uzi ulikuwa umemla vidole vyote. Akasugua mikono kwenye sketi yake akiona aibu, kama mtu aliyekuja na viatu vya matope.

Akapewa tarehe ya mahojiano Nairobi. Gathogo akaja dukani mwenyewe kumfundisha, na hapo nakiri alifanya kazi zaidi ya aliyolipwa. Somo lake lilikuwa moja: jibu fupi. "Wakiuliza jina, toa jina. Usiwape hadithi. Watu wetu hukataliwa kwa kuongea mingi." Mimi nikavaa miwani ya kusomea, nikakaa nyuma ya kaunta, nikawa mzungu.

"Unaenda kumwona nani?"

"Mama yangu."

"Anaumwa nini?"

"Damu."

"Utarudi lini?"

"Mama akipona."

"Hapana, hapana," Gathogo akaruka. "Taja wiki. Sema wiki sita."

Tukarudia na kurudia. Tulimsahihisha wiki, tukamsahihisha kuangalia chini, tukamsahihisha kusema "ati". Lile neno la kwanza, mama, halikumsumbua mtu. Gathogo mwenyewe ana kijana aliyepewa jina la babake, na utamsikia sokoni akimwita kwa sauti, "Baba, wacha kuchezea maji!" na hakuna anayegeuka. Toka Murang'a mpaka Nanyuki hakuna ambaye angegeuka.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza. Mimi sikuruhusiwa kuingia, nikabaki ng'ambo ya barabara chini ya mti wa jakaranda pamoja na ndugu za watu wengine, kila mmoja ameshika bahasha au mkoba wa mtu aliye ndani. Aliyoniambia baadaye ndiyo haya, na nilimfanya anieleze mara nyingi, kwa hiyo nayajua kama nilikuwepo.

Alikuwa mwanamke nyuma ya kioo, si mkali, mwenye nywele fupi nyeupe. Pembeni yake kijana mkalimani, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi mpya. Magdaline aliogopa Kiswahili cha kijana kuliko alivyomwogopa yule mwanamke.

"Unakwenda kumtembelea nani?"

"Mama yangu."

Mwanamke akatazama karatasi zake.

"Mama yako yuko wapi?"

"Hospitali."

"Jina lake nani?"

"Watiri."

Mwanamke akafungua ukurasa mwingine, akarudi wa kwanza. Akasema kitu, kijana akatafsiri. "Hapa umeandika kwamba mama yako, Watiri, ni marehemu."

"Ee. Alikufa."

"Alikufa lini?"

"Kitambo. Nikiwa na mimba."

"Na huyu unayekwenda kumwona ni nani?"

"Ni mama yangu." Halafu akaona nyuso zao, akaongeza, "Na ni mtoto wangu."

"Ni mama yako au ni mtoto wako?"

"Ni wote. Ni mtu mmoja."

Yule mwanamke akaweka kalamu chini. Akauliza kama Magdaline ana jina lingine ambalo watu humwita. Alikumbuka somo: jibu fupi. "Mama Watiri," akasema.

Kijana mkalimani akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia nyanya wa mwenzake. Akamwambia polepole, bila kungoja kuambiwa, "Bibi, wanataka kujua. Mama yako alikufa, au yu hai?"

Na Magdaline, aliyekataa kudanganya kwa Gathogo, akasema ukweli wake wote kwa jibu fupi kama alivyofundishwa. "Alikufa, nikamzaa."

Kijana alitafsiri neno kwa neno. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa humohumo kwenye faili, kina jina la mtoto na la mama aliyemzaa, lakini ukishamshuku mtu hata cheti chake unakishuku.

Karatasi ya kukataliwa ilikuja baada ya muda mfupi, kwa Kiingereza, na nikamsomea dukani. Walisema hawakuridhika kwamba uhusiano uliotajwa ni wa kweli. Walisema mwombaji alitoa maelezo yanayopingana kuhusu mtu anayekwenda kumtembelea. Hawakutumia neno mwongo. Hawakuwa na haja.

"Lakini Mama Hamdan," akasema, "mimi sikudanganya."

"Najua."

"Nilisema ile kitu iko."

"Najua, Mama Watiri."

Nilikuwa na hasira ya kuvunja vitu. Nilitaka kurudi Nairobi nimshike yule mwanamke kwenye kola nimwambie, wewe huna nyanya? Nyanya yako alipokufa mlimtupa? Magdaline hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa na haya, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi ambacho ni chake.

Gathogo alishika kichwa. Akasema viza ya aina hiyo haina rufaa, ni kuomba upya tu, na safari hii iandamane na maelezo. Tukaenda kwa chifu kule Tetu atuandikie barua. Chifu alisikiliza, akavua kofia, akacheka, akaacha kucheka alipoona uso wa Magdaline.

"Sasa niandike ati mtu anaitwa mama na yeye si mama?" akauliza. "Hiyo si kila mtu anajua?"

"Andika tu," nikamwambia. "Andika kama unamwandikia mtu wa mwezini."

Akaandika. Ilimchukua karatasi nyingi, maana jambo ambalo kila mtu analijua halina pa kuanzia. Mwishowe barua ilisema kwamba Magdaline Wanjugu ni mtoto wa Watiri na ni mama wa Watiri, na kwamba Watiri hao ni wawili, ingawa kwa desturi ni mmoja. Niliisoma nikaona hata mimi ningemkatalia.

Kumweleza Watiri ilikuwa kazi nyingine. Magdaline hakutaka ajue sababu, lakini mtoto alibana mpaka akaambiwa. Nilikuwa pale. Watiri alikuwa amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa, na alipolisikia lile jibu la mwisho alicheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Mum! Ulimwambia nilikufa ukanizaa? Na hakukuita polisi?" Nasi tukacheka, hata Magdaline. Halafu Watiri akalaza simu kifuani, tukabaki tunaona dari ya hospitali tu, na tukasikia kwamba hacheki tena.

Aliwaandikia mwenyewe kuwaeleza. Akajibiwa kwamba ujumbe wake umepokelewa.

Tarehe mpya ilipangwa. Tukawa tunaingoja huku kila Jumapili sauti yake inapungua. Sitaki kurefusha hapo. Mwenye kuwahi kungoja anajua, na ambaye hajawahi, namtakia akae hivyohivyo.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, duka limejaa wazazi na watoto wanaojaribu sweta. Magdaline alikuwa amepiga magoti akimvuta mtoto mmoja mkono wa sweta simu ilipolia. Alikuwa muuguzi, mwanamke mweusi kama sisi lakini si wa kwetu, Kiingereza chake kina lafudhi ya mbali. Akasema anashika simu ili mama aone. Akasema ni vizuri azungumze sasa.

Nikawatoa watu wote nje, na wakatoka bila kuuliza. Wengine walibaki wamesimama barazani wameshika watoto wao mabegani.

Watiri alikuwa amefumba macho. Kinywa kiko wazi kidogo. Magdaline alizungumza naye kwa Kikuyu, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake bila kutaka kumshtua. Mimi Kikuyu nakijua cha sokoni tu. Nilisikia *maitu*, *maitu*. Nilisikia jina la shamba lao. Kisha akanigeukia. "Mwambie huyo nesi aguse miguu yake. Miguu yake huwa baridi. Tangu akiwa mtoto."

Nikamwambia muuguzi kwa Kiingereza changu. Yule mwanamke, Mungu ampe heri popote alipo, akaegemeza simu mahali, akafunua shuka, akaanza kumsugua Watiri miguu. "Na kisigino," Magdaline akasema. "Mwambie na kisigino." Nikasema. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye anasema, mimi natafsiri, mikono ya mtu mwingine inafanya kazi yake, mpaka yule muuguzi akasimamisha mikono, akaangalia upande wa kichwa, halafu akaja karibu na simu. Sikuhitaji kutafsiri.

Mwili ulirudi. Wakenya wa kule walichanga, kanisa likachanga, na hakuna aliyeuliza unakwenda kumwona nani wala utarudi lini. Maiti haiombi viza. Alipita mipaka yote ile ambayo mama yake alizuiwa, amelala ndani ya sanduku, na karatasi zake zikagongwa mihuri bila swali.

Pale uwanja wa ndege kwenye sehemu ya mizigo, karani aliuliza nani anamchukua marehemu. Magdaline akasogea mbele.

"Wewe ni nani yake?"

Nikamwona anasimama wima. Nikajua amelifanyia mazoezi hilo jibu peke yake, bila mimi na bila Gathogo. "Ni mtoto wangu," akasema. "Huyu ni mtoto wangu. Mimi ndiye mama yake."

Karani akaandika, akageuza karatasi, akamwonyesha pa kuweka kidole. Na kuanzia siku ile mpaka leo sijamsikia Magdaline akimwita Watiri mama. Walimnyima viza, na juu ya hiyo wakamtoa neno mdomoni. Hilo la pili sijawasamehe.

Tulimzika Tetu kwenye kile kipande cha shamba, kando ya nyanya yake. Misalaba iko miwili, majina ni yaleyale, na mtu asiyewajua angedhani fundi alikosea akatengeneza mmoja mara mbili.

Magdaline alirudi kazini mapema kuliko nilivyotaka. Sweta zilikuwa zimeagizwa, akasema, na watoto wanasikia baridi. Alifuma vizuri kama kawaida. Aliongea zaidi kidogo kuliko zamani, kwa ajili yangu nadhani, maana mimi sikuwa napayuka tena, na hilo lilimtisha.

Mwezi uliopita aliingia dukani msichana mmoja, Njoki, wa kule chini karibu na stendi. Ana mimba karibu kujifungua. Alitaka shali ya mtoto, rangi yoyote isiyo ya shule. Magdaline akamwonyesha nyuzi. Njoki ni mtu wa maneno mengi, akaanza kutueleza kwamba mashine ya hospitali imeonyesha ni msichana, na kwamba mama yake alifariki mwaka jana, kwa hiyo jina lipo tayari, linangoja mwenyewe tu. Alisema hivyo akipapasa tumbo, anacheka, na macho yana machozi.

"Ni vizuri," Magdaline akamwambia. "Utakuwa na yeye tena." Akamchagulia uzi laini wa njano, akamwambia aje Ijumaa.

Njoki akaondoka. Magdaline akakaa kwenye mashine, akapanga uzi, akavuta mkono wa mashine mara moja, akavuta mara ya pili, akaacha. Nilikuwa nashona pindo, pini ziko mdomoni. Nikadhani uzi umekatika.

"Mama Hamdan," akasema bila kugeuka.

"Naam."

"Watiri hakuwacha mtoto."

Nikatoa pini mdomoni, moja moja, nikazichoma kwenye kitambaa.

"Sasa mimi," akasema, "hakuna mtu atanizaa."